Umebuni Nini? Kitenzi "innovate" na Kinachopotea Tunapokitafsiri

Chukua sentensi fupi ya Kiingereza isiyokosekana kwenye mabango ya makongamano ya teknolojia: "We innovate." Itafsiri harakaharaka, utapata "Tunabuni." Msikilizaji wa Kiswahili atasubiri kidogo, kisha atauliza: mnabuni nini? Kila neno amelielewa, ila kwake sentensi haijaisha. Kubuni, kama kuleta au kubeba, ni kitenzi chenye kudai yambwa, yaani kitu kinachotendwa. Mwingereza anaweza kusema "innovate" akaweka nukta. Mswahili akiweka nukta baada ya "tunabuni" anaacha shimo.

Wafasiri wengi hulifukia shimo hilo kwa maneno ya kujazia: "tunabuni mambo mapya", "tuna ubunifu wa hali ya juu", "sisi ni wabunifu". Sarufi inatulia, lakini maana inapungua, kwa sababu kiini cha "innovate" hakiko katika kubuni. Kiko katika kuingiza. Anayefanya tendo hili huchukua jambo geni akalitia ndani ya kitu kilichokuwapo tayari, kiwe desturi, mashine, biashara, sheria au shairi, mpaka kitu hicho kikaanza kwenda kwa namna nyingine. Wazo lililobaki kichwani, hata liwe zuri namna gani, halijakifikia kitenzi hiki. Ukilishika hilo, karibu kila tatizo la matumizi na tafsiri linapata njia.

Ndani ya neno lenyewe

Asili yake ni Kilatini: "innovare", yaani "in" iliyounganishwa na "novare", kufanya upya, ambayo nayo imetokana na "novus", mpya. "Novus" hiyohiyo imezaa "renovate", kukarabati, na "novice", mwanagenzi. Hapa ndipo ilipo dawa ya kosa la tahajia linaloonekana mno katika wasifu wa kazi na maandiko ya miradi: "inovation", "inovative". Kiambishi "in" kina n yake na "novare" ina n yake. Zikikutana ni mbili. Katika "renovate" kiambishi ni "re", hakina n, kwa hiyo inabaki moja. Herufi v haijirudii popote.

Mkazo wa kitenzi uko mwanzoni: Í-no-veit. Sisi tuliozoea kuweka mkazo kwenye silabi ya pili kutoka mwisho huvutwa kusema i-no-VÉI-ti, na anayesikiliza anaweza kudhani tulitaka kutaja nomino, kwa sababu nomino ndiyo yenye mkazo hapo: i-no-VÉI-shen. Kivumishi "innovative" na mtendaji "innovator" hurudisha mkazo mwanzoni.

Maana ya kwanza ya neno hili katika Kilatini ilikuwa kukirudishia upya kitu kilichochakaa. Katika Biblia ya Kilatini, zaburi ya toba ambayo kwetu ni ya 51, mstari wa 10, ina vitenzi viwili vilivyokaa bega kwa bega: "Cor mundum crea in me, Deus, et spiritum rectum innova in visceribus meis." Tafsiri ya Kiswahili ya Union, ingawa haikutoka kwenye Kilatini, imevitenga vitenzi hivyo vizuri kuliko kamusi nyingi: "Ee Mungu, uniumbie moyo safi, uifanye upya roho iliyotulia ndani yangu." Palipo "crea" pana kuumba, na palipo "innova" pana kufanya upya. Moyo unaombwa uumbwe; roho, ambayo ipo tayari, inaombwa ifanywe upya, tena ndani. Mfasiri anayehangaika na tofauti ya "create" na "innovate" aukariri mstari huu.

Lilipokuwa tusi

Kiingereza kilipolipokea neno hili katika karne ya 16, hakikulipokea kama sifa. Mwaka 1548 serikali ya mfalme kijana Edward VI ilitoa tangazo dhidi ya wale "that doeth innovate", wanaobadilisha au kuacha ibada na taratibu za Kanisa kwa mamlaka yao binafsi. Yaani kosa halikuwa kufikiri jambo jipya. Kosa lilikuwa kuliingiza mahali patakatifu bila ruhusa. Shakespeare naye, katika tamthilia ya Coriolanus, anamfanya mwakilishi wa watu amwite shujaa wa tamthilia hiyo "a traitorous innovator", na mara moja anaongeza kwamba ni adui wa ustawi wa umma. Maneno hayo mawili, msaliti na "innovator", yalikaa pamoja bila kushangaza hadhira.

Kesi inayoonyesha vyema uzito wa neno hilo ni ya Henry Burton, mhubiri wa London. Tarehe 5 Novemba 1636 alihubiri akiwatuhumu maaskofu kwamba wanaingiza mageni katika ibada. Mwaka 1637 alihukumiwa pamoja na William Prynne na John Bastwick, wakakatwa masikio hadharani. Na William Laud, Askofu Mkuu wa Canterbury, alitumia hotuba yake mahakamani siku ya hukumu kukana kwamba upande wake umeleta jambo lolote geni. Kila upande ulimrushia mwenzake neno lilelile, na hakuna aliyekubali liwe lake.

Mwanafalsafa Mwingereza Francis Bacon, katika insha aliyoichapisha 1625, alijaribu kuwa mwadilifu: alikiri kwamba mambo mapya huzaliwa na sura mbaya kama vitoto vya wanyama, lakini akasema asiyetaka dawa mpya angoje maradhi mapya, maana wakati wenyewe ndio mleta mageuzi mkubwa kuliko wote. Mwanasiasa na mwandishi Edmund Burke, mwaka 1796, bado alikuwa upande wa wanaoogopa. Aliandika kwamba "to innovate is not to reform", kuingiza mageni si kutengeneza. Anayesoma maandishi ya Kiingereza ya kabla ya karne ya 19 na kutafsiri "innovate" kwa "kubuni" atampotosha msomaji kabisa. Pale panafaa "kuzusha", "kuzua mageni", au "kupotosha desturi".

Sisi tunaoishi na Kiswahili hatupaswi kuiona historia hiyo kama ya kigeni, kwa sababu lugha yetu imehifadhi hisia ileile katika maneno mawili. La kwanza ni bidaa. Muislamu wa Lamu, Unguja au Tanga akisema jambo fulani ni bidaa, anatamka karibu hasa kile kilichokuwa katika tangazo la 1548: mtu ameingiza kwenye ibada jambo ambalo halikuwamo. Katika Kiarabu mzizi wa neno hilo, b-d-ʿ, ndio pia uliotoa "al-Badii", Muumbaji wa mbingu na ardhi pasipo mfano uliotangulia, na "ibdaa", neno la leo la ubunifu wa kisanaa. Mzizi mmoja umebeba lawama na sifa, kama "innovate" ilivyobeba zote mbili kwa nyakati tofauti.

La pili ni uzushi. Mzushi wa mtaani ni mwenye kueneza uongo, lakini katika lugha ya Kanisa uzushi ni mafundisho ya kigeni yaliyotiwa ndani ya imani. Umo katika orodha ya matendo ya mwili katika Wagalatia 5:20, baada ya fitina na faraka. Kitenzi chake, kuzua, kina maana ya kutoboa tundu na pia ya kuanzisha jambo ambalo halikuwapo. Sijui kama kuna kitenzi cha Kiswahili kilicho karibu zaidi na "innovate" ya karne ya 16.

Tena hatukuishia kwenye dini. Katika miaka ya 1970 washairi wa Kiswahili walikuwa na mabishano makali ya namna hiyohiyo. Euphrase Kezilahabi alipochapisha Kichomi mwaka 1974, mashairi yasiyofuata vina na mizani, waliosimama upande wa kanuni hawakusema kwamba ameandika mashairi mabaya. Walisema si mashairi. Neno guni, ambalo zamani lilikuwa jina la shairi lenye kasoro ya vina au mizani, likawa silaha. Uhakiki wa fasihi ukawapa majina walio pande hizo mbili: wanamapokeo na wanamabadiliko. Angalia jinsi jina la pili lilivyo sahihi. Halikuwaita wabunifu, kwa kuwa mwanamapokeo naye hubuni kila anapotunga utenzi. Lilitaja kile walichokifanya, kutia mabadiliko ndani ya utanzu uliokuwapo. Kama ningetakiwa kuchagua neno moja la Kiswahili la "innovators" katika sanaa, ningechukua hilo.

Jinsi lilivyosafishika

Aliyelipa neno hili nguo mpya kuliko wengine ni mwanauchumi Joseph Schumpeter, mzaliwa wa Moravia, katika nchi ambayo leo ni Czechia. Kitabu chake cha nadharia ya maendeleo ya uchumi kilitoka kwa Kijerumani mwaka 1911 na kwa Kiingereza 1934. Alitaja aina tano za michanganyiko mipya inayosukuma uchumi: bidhaa mpya, njia mpya ya kuzalisha, soko jipya, chanzo kipya cha malighafi, na mpangilio mpya wa tasnia. Zisome tena uone: moja tu kati ya hizo tano ni kitu kipya. Nyingine nne zinaweza kufanyika bila mtu kuvumbua chochote. Katika kitabu chake cha 1939 aliweka mpaka wazi kati ya uvumbuzi na tendo la kuuingiza katika shughuli, na akasema la pili linaweza kutokea hata pasipo la kwanza.

Mpaka huo ndio uliomo katika mwongozo wa Oslo, ambao ofisi za takwimu duniani hutumia kupimia mambo haya. Ulitolewa mara ya kwanza 1992, na toleo la nne, la 2018, linataka mambo mawili. Kwanza, bidhaa au utaratibu uwe mpya au ulioboreshwa kiasi cha kutofautiana waziwazi na ule ambao taasisi hiyo ilikuwa nao. Pili, bidhaa iwe imewafikia watu wanaoweza kuitumia, au utaratibu uwe umeanza kutumika. Mashine iliyokaa kwenye meza ya maonyesho na haijauzwa wala kutumiwa haijatimiza sharti la pili. Na upya unapimwa kwa taasisi yenyewe. Zahanati inayoanza leo kutunza kumbukumbu za wagonjwa kwenye kompyuta imetimiza masharti, hata kama hospitali ya jirani ilianza miaka 20 iliyopita.

James Watt ni mfano mzuri wa kusahihishia vitabu vyetu vya shule. Tumezoea kusoma kwamba alivumbua injini ya mvuke. Injini ya Thomas Newcomen ilikuwa ikivuta maji migodini tangu 1712, kabla Watt hajazaliwa. Alichofanya Watt, na kukipatia hataza ("patent", haki ya kisheria ya mvumbuzi) mwaka 1769, ni kuutenga mvuke ukapozwe kwenye chumba chake, ili silinda isipoozwe na kupashwa moto upya kila mpigo, jambo lililokuwa likimeza makaa mengi. Kiingereza kitasema kwa usahihi "Watt innovated on Newcomen's engine". Kiswahili kiseme Watt aliigeuza injini ya Newcomen.

M-Pesa nayo. Safaricom ilipoizindua Kenya mwezi Machi 2007, ujumbe mfupi wa simu ulikuwapo, laini za simu zenye menyu zilikuwapo, maduka ya vocha yalikuwapo kila kona, na watu walikuwa tayari wanarushiana muda wa maongezi kama njia ya kutumiana fedha. Ufilipino ilikuwa na huduma za pesa kwa simu kabla yake. Hata majaribio ya 2005 yalilenga jambo jingine, kuwawezesha watu kurejesha mikopo midogo. Watumiaji wenyewe ndio walioonyesha kwamba wanataka kutuma pesa nyumbani. Kusema "M-Pesa ilivumbuliwa" kunaibua swali lisilo na jibu: kilivumbuliwa kipi hasa? Kilichokuwa kipya ni kuviunganisha vitu hivyo vikawa benki ya mtu asiye na benki.

Ukitaka mfano wa nyumbani zaidi, kanga. Masimulizi ya pwani yanasema wanawake wa karne ya 19 walinunua leso za mraba zikiwa bado hazijakatwa katika jora, sita kwa pamoja, wakazikata vipande viwili vya tatutatu, wakazishona kuwa nguo moja pana. Leso haikuwa mpya, uzi haukuwa mpya. Baadaye wachapaji wakachapa upana wote kwa mara moja, na maandishi yakaongezwa. Kila hatua ni "innovate" isiyo na uvumbuzi.

Maneno yetu, moja baada ya jingine

Kubuni kunaanza kichwani. Hadithi ya kubuni ni isiyo ya kweli. Mbunifu wa mavazi huchora vazi kabla halijashonwa, na Tanzania ina bodi inayosajili wabunifu majengo, ambao kazi yao ni ramani. Miliki bunifu ni mali inayotokana na akili. Katika yote haya kubuni ni kuunda kwa fikra, na ndiyo sababu neno hili linafika nusu ya safari tu ya "innovate". Nchini Tanzania lugha ya serikali imeshaamua: "sayansi, teknolojia na ubunifu" ni maneno matatu yanayotembea pamoja, hata kwenye jina la mashindano ya kitaifa, MAKISATU. Nomino hiyo imekubalika na haina haja ya kupigwa vita. Tatizo liko kwenye kitenzi, ambacho hakikupata maana hiyo mpya pamoja na nomino yake.

Kuvumbua kwetu kumebeba mizigo miwili: kukuta kilichokuwa kimefichika, na kuunda ambacho hakikuwapo. Kenya, magazeti na hotuba hulitumia mara nyingi kwa "innovation" pia, mzigo wa tatu. Mahali ambapo sitaacha mtu alegeze ni kwenye hataza. Hataza hutolewa kwa uvumbuzi ulio mpya, wenye hatua ya kivumbuzi na unaoweza kutumika viwandani. Ukiandika "ubunifu" kwenye maombi ya hataza unachanganya mambo ambayo sheria imeyatenga, na anayesoma anaweza kufikiri unaomba hakimiliki.

Kugundua kubaki kwa vilivyokuwapo: ugonjwa, wizi, kosa kwenye hesabu. Kukarabati ni "renovate". Kuboresha ni "improve", na hapa wafasiri hukosea kwa upande mwingine. Si kila uboreshaji ni "innovate". Kuongeza sukari kijiko kimoja kwenye chai ni kuboresha, kama unaipenda tamu. Kuwauzia watu chai ya tangawizi kwa kipimo kwenye chupa za kubeba, mahali ambapo chai ilikuwa ya kunywa ukiwa umekaa tu, kumeshageuza biashara yenyewe.

Sarufi inayowaponza wasemaji wetu

Katika Kiingereza cha leo "innovate" hutumika zaidi bila yambwa. "The company must keep innovating." Kamusi kubwa zinakubali pia matumizi yenye yambwa, kwa maana ya kuleta jambo kwa mara ya kwanza, lakini wahariri wengi huyaona mazito na huyabadilisha. Kijana aliyeandika "I innovated a machine for shelling maize" atahaririwa kuwa "I built" au "I designed", au "I invented" kama kweli haijawahi kuwapo. Makosa haya hutoka moja kwa moja kwenye Kiswahili: nimebuni mashine, kwa hiyo "I innovated a machine". Kwenye andiko la mradi lenyewe la Kiswahili ni bora hata kusema "nimetengeneza mashine ya kupukuchua mahindi". Msomaji ataona mashine badala ya sifa.

Kauli ya kutendwa ni mtego mkubwa zaidi. Sisi tunasema "ilibuniwa Nairobi" bila shida. Kiingereza cha "It was innovated in Nairobi" kinakwaruza sikio, kwa sababu kitenzi kisichozoea yambwa hakina cha kugeuza kuwa kiima. Andika "was developed", "was launched", "was introduced". Katika tatu hizo, "introduced" ndiyo iliyo karibu zaidi na kiini cha kuingiza.

Kinachobeba kazi ya yambwa ni vihusishi. "Innovate in" hutaja uwanja: "to innovate in health care", kuleta mambo mapya katika huduma za afya. "Innovate on" hutaja kitu cha zamani kinachoguswa, kama injini ya Newcomen hapo juu. "Upon" ni ileile kwa lugha ya kirasmi. "Innovate with" hutaja nyenzo. "Innovate around" ni kutafuta njia ya kukikwepa kizuizi bila kukivunja. Mwanafunzi akijua "in" na "on" tu, ameshapata sehemu kubwa ya atakachokihitaji. Na "new innovation", ambayo imejaa kwenye hotuba, ni kusema mpya mara mbili. "Ubunifu mpya" wa Kiswahili nao unastahili kupunguzwa hivyohivyo.

Ukiwa na sentensi mkononi

Mbinu ninayoiamini ni kuiacha kamusi kwanza na kuisaili sentensi: ni jambo gani geni, limetiwa ndani ya nini, limeshaanza kutumika au bado, na msemaji anasifu au analaumu? Majibu hayo ndiyo yatakayokupa kitenzi, na mara nyingi kitenzi hicho hakitakuwa kubuni.

"Farmers in the valley have innovated with drip irrigation." Jambo geni ni umwagiliaji wa matone, limeingia kwenye kilimo, limeanza. Basi: "Wakulima wa bondeni wameanza kumwagilia kwa matone." Neno "wameanza" limeifanya kazi yote. Ukiandika "wamebuni umwagiliaji wa matone" umewapa sifa ya uvumbuzi ambao si wao, na mtaalamu wa kilimo atakukatalia.

"Banks that do not innovate will lose customers." Hapa jambo geni halijatajwa, kwa hiyo litafutie jina la jumla linaloendana na benki: "Benki zisizoleta huduma mpya zitapoteza wateja." Kama aya iliyotangulia ilizungumzia mikopo, usiogope kuandika "mikopo ya aina mpya".

"She innovated on her grandmother's pilau." Kiswahili cha jikoni kinajua kusema hili pasipo kuazima: "Pilau ya bibi yake ameitia mkono wake." Tafsiri hiyo imehifadhi vitu vyote vitatu, yaani cha zamani, kigeni na kuingiza.

"The Act innovates by allowing either spouse to apply." Waandishi wa sheria hukipenda kitenzi hiki kwa sababu kinaonyesha mahali sheria mpya inapoachana na ya zamani. "Jambo jipya katika sheria hii ni kwamba mume au mke, yeyote kati yao, anaweza kuomba." Kitenzi kimegeuka nomino na sentensi imenyooka. Anayeng'ang'ania "Sheria inabuni kwa kuruhusu" ataandika kitu ambacho hakuna hakimu atakayekisoma mara moja akaelewa.

Na kauli mbiu tulizoanza nazo, "We innovate", "Innovate or die", "Innovating for tomorrow"? Zisitafsiriwe kitenzi kwa kitenzi. Muulize mwenye bango ameleta nini. Akijibu, andika hicho alicholeta. Asipokuwa na jibu, tafsiri bora ya bango lake bado haijapatikana katika lugha yoyote.

Kuna uwanja mmoja ambamo "innovate" huchukua yambwa kwa raha kabisa, nao ni isimu ya historia. Mwanaisimu wa Kiingereza huandika kwamba lugha fulani "innovated a future marker", bila mhariri kunung'unika. Wataalamu hutumia mabadiliko ya namna hiyo, yale yanayopatikana kwa pamoja katika lugha kadhaa, kupanga ukoo wa lugha. Ndivyo Derek Nurse na Thomas Hinnebusch walivyofanya katika kitabu chao cha 1993 kuhusu Kiswahili na ndugu zake wa Sabaki: Kimijikenda, Kipokomo, Kikomoro na Kielwana. Hapo "kubuni" hakufai kwa hali yoyote, kwa kuwa hakuna aliyekaa akafikiri. Kiambishi chetu cha wakati ujao, -ta-, kilitokana na kitenzi "taka". Watu walisema wanataka kuja mpaka kutaka kukamomonyoka, na kikabaki kijisilabi cha kuonyesha wakati: atakuja. Lakini panapoingia urejeshi, kitenzi kizima kinajitokeza tena kama kilivyokuwa: atakayekuja, tutakachokula, watakaporudi. Kwa Kiswahili tunasema lugha imejipatia kiambishi, au kiambishi kimechipuka ndani ya lugha.